Ile Fani Nyingine

12 Oktoba 1986

Babu mpendwa,

Natumaini nyonga imetulia na baridi ya asubuhi haikusumbui sana. Mimi huku ni mzima. Colleen, mwenzangu wa chumbani, bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma. Asante kwa lefse, zile chapati za viazi za jirani yetu Orpha Lund. Zilifika zimekunjamana lakini tulizipaka siagi na sukari tukazimaliza siku hiyo hiyo. Mwambie mikono yake haijazeeka. Soya zimeshatoka shambani? Au bado unamngoja Dwight Ostby na mashine yake?

Kuna jambo dogo. Bi. Kessler, mshauri wangu wa masomo, aliniita ofisini akiwa na faili langu mkononi. Unajua nasoma fani kuu mbili, kilimo na jiolojia. Kila fani ina kozi zake, ila kozi chache unaruhusiwa kuzisoma mara moja zikahesabiwa pande zote mbili. Mimi nilikuwa nahesabu tatu: Sayansi ya Udongo, Takwimu, na Maji ya Chini ya Ardhi. Mwongozo wa zamani wa chuo uliruhusu hata nne. Mwongozo mpya unaruhusu mbili tu. Aliyejisajili kwa fani ya pili kabla ya Septemba 1984 kuisha anafuata ule wa zamani, na aliyechelewa anafuata mpya. Mimi nilipeleka fomu yangu Oktoba. Ni uzembe wangu tu.

Kwa hiyo nimepungukiwa kozi moja, na ile inayoweza kuziba pengo inafundishwa muhula wa vuli peke yake. Wa mwaka huu umeshaanza na darasa limejaa. Ingebidi nibaki hapa hadi Desemba ya mwaka ujao. Kuna kamati inayosikiliza maombi maalumu, lakini inataka sababu nzito na mtu wa kuithibitisha, nami sina. Usijali, bado nafikiria.

Wako,
Marit


26 Oktoba 1986

Mjukuu wangu Marit,

Nyonga ipo, na mimi nipo juu yake. Soya zimetoka. Dwight alikuja na lile limashine lake kubwa kama kanisa, akaangusha nguzo ya lango, kisha akaniambia lango ndilo lililosogea. Jumamosi tulikula lutefisk kanisani. Nilijaza sahani mara mbili, na usiku kucha yule samaki akanidai maelezo.

Barua yako nimeisoma. Umeandika "jambo dogo" halafu ukajaza ukurasa mzima. Sheria ya chuo chako naielewa bila mwongozo. Mimi nikimhesabu ng'ombe mmoja katika mazizi mawili, benki inanijia na polisi. Wewe umehesabu hivyo watatu, wamekuachia wawili, unalalamika nini?

Sasa nisikilize. Dwight anataka kukodi shamba lote kwa miaka mitano. Anataka jibu tarehe moja Machi, kama desturi. Nilimwambia mjukuu wangu anarudi Mei. Kupanda naweza, nikishapandishwa kwenye trekta. Kuvuna siwezi tena, na hilo unalijua. Ukibaki huko hadi Desemba mahindi atayavuna nani? Na nikimpa Dwight hiyo miaka mitano, ikiisha nitakuwa na miaka themanini na nne kama bado nipo, na wewe utakuwa umeshazoea kwingine. Shamba litakuwa limekwenda.

Dawa yake ni rahisi. Acha ile nyingine. Ukibaki na kilimo peke yake unamaliza Mei, au siyo?

Usinipigie simu kwa Orpha. Mimi simu siisikii, na yeye anaisikia kupita kiasi. Mambo yetu yatafika kanisani kabla yangu.

Babu yako,
Alvin Brekke


16 Novemba 1986

Babu,

Nakusalimu, na nakuombea nguzo ya lango ipone. Theluji ya kwanza imeanguka leo. Nimefaulu mtihani wa Takwimu, nimepata mafua, na Colleen amepata mchumba anayecheka kama bata.

Ndiyo, nikiacha moja namaliza Mei. Fomu ya kuacha ninayo mezani. Inatakiwa ofisini mwisho wa Januari.

Lakini nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale. "Ile nyingine." Nina miaka miwili katika fani hii na hujawahi kuitaja. Inaitwa jiolojia, Babu. Baba aliisoma hapa hapa, ndani ya jengo hili, na kwenye ngazi kuna picha ya darasa lake. Yuko mstari wa nyuma, amefumba macho wakati wenzake wote wamefumbua. Napita pale kila siku. Nyumbani kwetu hakuna picha yake hata moja. Nilikuwa na miaka sita alipokwenda Wyoming kwenye mafuta, na saba walipomrudisha ndani ya sanduku, na tangu hapo nimekuwa nikijifunza habari zake kwa wapita njia.

Sikuulizi kitu. Ila ukiniambia niiache, usiseme kama mtu anayeniambia nivue soksi.

Nina hasira, na najua unajua. Nitakuja Krismasi.

Marit


9 Januari 1987

Mjukuu wangu,

Nimefurahi kwamba basi lilikufikisha salama. Baridi imekaza, maji ya ng'ombe napasua kwa shoka asubuhi na jioni. Paka wa Orpha amezaa ndani ya kiatu cha mchungaji, na mchungaji amekuwa akihubiri na kandambili.

Krismasi ulikaa hapa siku zote zile na hatukusema neno. Tulicheza karata, tukanywa kahawa, ukaosha vyombo kwa kelele iliyozidi uchafu wake. Ulipopanda basi nilitaka kukwambia kitu, dereva akafunga mlango. Pengine alinisaidia.

Jioni hizi nimekuwa nikiisoma tena barua yako ya Oktoba. Nina swali moja tu. Septemba ile ya 1984 ulikuwa wapi?

Babu


18 Januari 1987

Babu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima sote, na mafua yamehamia kwa yule mchumba wa Colleen.

Septemba 1984 nilikuwa mwaka wa pili. Mambo yalikuwa mengi, siwezi kuyakumbuka yote.

Nimeamua. Fomu ya kuacha jiolojia nimeitia saini, na nitaipeleka ofisini Ijumaa ya tarehe thelathini. Mwambie Dwight narudi Mei. Sitaki tulizungumze tena, nakuomba.

Orpha ameniandikia kwamba amekuona unaingia hospitali ya mjini mara mbili wiki moja, na kwamba ulipomwona ulijificha nyuma ya lori. Daktari amesema nini? Usinifiche, Babu. Umenificha mambo ya kutosha.

Marit


24 Januari 1987

Marit,

Orpha angefaa kulinda mpaka. Sikujificha nyuma ya lori, nilikuwa naangalia matairi. Daktari ni mzima na mimi ni mzima. Nilifuata karatasi.

Wewe umesahau Septemba ya 1984? Mimi sijasahau. Nilianguka kutoka ngazi ya ghala la nafaka, nikalazwa na mguu umening'inizwa juu kama nguruwe wa kuchinjwa. Na huku nyumbani msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa kwenye mashine ya kuvuna, anakula mkate huku ameshika usukani, mpaka soya zikaisha na Oktoba ikaingia. Ndipo akarudi chuoni na fomu yake mfukoni. "Uzembe wangu tu," umeandika. Miezi mitatu nimekaa na neno hilo. Uzembe wa nani?

Ile fomu ya kuacha usiipeleke mpaka Ijumaa dakika ya mwisho. Nilikuwa nakuamuru, na ona nilichokuamuru. Kwa hiyo safari hii nakuomba.

Babu


25 Februari 1987

Babu yangu,

Naandika upesi kwa sababu karani wa posta hapa amesema barua hii itafika Jumamosi kama barabara ziko wazi, na Jumapili ndiyo tarehe moja. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Ijumaa ile nilikwenda ofisini na fomu ya kuacha mkononi. Karani wa kamati akaangalia jina langu, akaniangalia mimi, akasema, "Wewe ndiye Brekke? Binti, uthibitisho wako umefika kabla ya ombi lenyewe. Nina miaka mingi hapa, sijawahi kuona." Akanipa kiti. Akanipa na ile barua niisome.

Nimeinakili, maana najua utasema hukuandika hivyo:

"Kwa wakubwa wa kamati. Mimi ni mkulima, barua za ofisi sizijui. Mjukuu wangu alichelewesha fomu kwa sababu alikuwa ananivunia shamba nikiwa hospitali. Karatasi za daktari zimo ndani. Sitawadanganya, fani hiyo siipendi. Mwanangu Raymond aliisomea hapo kwenu, akafa akiifanya kazi hiyo, na tangu tulipomzika sijamtaja nyumbani kwangu. Lakini binti yake ameistahili. Si haki ainyimwe kwa sababu ya mguu wangu."

Nililia mbele ya karani, Babu, kwa sauti, na watu wamepanga foleni nyuma yangu. Umelitaja jina lake kwa watu usiowajua. Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, na bado sijajua kipi kimezidi.

Nikaandika ombi palepale. Kamati ilikaa jana. Profesa mmoja alisimama akasema sheria ni sheria, kila mwanafunzi ana babu, na kila babu ana ngazi. Bi. Kessler akamjibu, "Ndiyo, lakini huyu anazo karatasi." Walibishana hadi saa ya chakula. Wamekubali. Kozi zote tatu zinahesabiwa pande zote mbili. Mei namaliza fani zote mbili.

Sasa lile ambalo sikulisema Krismasi. Idara ya jiolojia inapeleka wahitimu wachache kupima miamba kiangazi hiki, na mimi nimechaguliwa. Ni Wyoming. Kazi inaisha Agosti, kabla ya mavuno. Nataka kwenda. Nakwambia narudi, lakini najua kuna mwingine aliyekwambia hivyo. Jibu la Dwight ni lako, sitakulaumu kwa lolote.

Marit


1 Machi 1987

Marit,

Posta haijafika tangu Jumatano. Dhoruba imefunga barabara, theluji imefika madirishani upande wa kaskazini. Ng'ombe wazima. Kahawa ipo. Kutoka kwako hakuna kitu, sijui kamati imesema nini, sijui hata kama ulinisikiliza.

Dwight amekuja hata hivyo. Kaja na trekta, mkataba kautia ndani ya koti usilowe. Kakaa mezani, kanywa vikombe vitatu.

"Haya Alvin, msichana anasemaje?"

"Sijui."

"Hujui! Anarudi au harudi?"

"Nimekwambia sijui. Posta umeiona wewe?"

"Mzee, mimi nahitaji kununua mbegu. Leo ndiyo leo."

"Basi leo ni hapana."

"Hapana? Na asiporudi?"

"Asiporudi nitakuwa mzee mjinga mwenye mahindi mengi. Utapita barabarani unicheke."

Akasema mimi ni mkaidi kuliko nyumbu, nikamwambia anywe kahawa yake aende. Alipofika mlangoni akageuka, akasema ikifika vuli nimwite, asingependa kuniona nimelala chini ya ngazi tena. Si mtu mbaya Dwight, mbali na mageti.

Jumanne. Sikuwa nimeituma hii. Barua yako imefika leo. Kuhusu kamati nimefurahi, na yule profesa ana hoja.

Wyoming. Nimeiweka barua mezani nikatoka kulisha ng'ombe. Walikuwa wameshakula.

Babu


21 Juni 1987

Babu mpendwa,

Salamu kutoka kwenye upepo. Hapa upepo haupumziki, nimepoteza kofia mbili na ngozi ya pua. Tunalala kwenye mahema, mpishi wetu anajua kupika maharage na kuyapasha moto. Mahindi yamefika wapi? Magotini?

Bado nacheka nikikumbuka mahafali. Ulikuja na suti yako ya mazishi, ukakaa safu ya mbele, na nilipokuletea lile jalada la cheti ukalifungua mbele ya Colleen na wazazi wake, ukasema kwa sauti ya mtu asiyesikia, "Tumeibiwa! Hamna kitu ndani!" Narudia tena: majalada ya wote yalikuwa matupu. Cheti chenyewe kinakuja kwa posta. Niliandika anwani ya shambani, kwa hiyo usimwachilie mbwa mtu wa posta.

Lakini njiani kurudi hukuniuliza lolote kuhusu huku ninakokwenda. Uliniuliza kama nina soksi nzito. Nami nikajibu kuhusu soksi.

Jumapili iliyopita mwenzangu mmoja alinipeleka hadi kile kisima cha mafuta alichofia Baba. Kimezibwa. Kuna bomba fupi lenye namba, na nyasi. Nilidhani ningehisi kitu kikubwa. Nilihisi kiu. Nikakaa chini hadi jua lilipogeuka, ndipo huzuni ikaja, na mwenzangu akaenda kukaa garini akaniacha.

Mkuu wetu ameniomba nibaki hadi Krismasi, kuna kazi na kuna nafasi. Sijamjibu. Sijui ningemjibu nini kama ungekuwa hapa unanitazama, na nadhani ndiyo sababu nakuandikia.

Marit


9 Agosti 1987

Mjukuu wangu Marit,

Nimechelewa kukujibu. Nilianza barua nne, zote zimewashia jiko.

Mahindi yamenipita kichwa. Mvua imekuja ilipotakiwa, jambo ambalo silizoei. Mchungaji amenunua viatu vipya. Mimi nyonga inauma nikipanda, haiumi nikishuka, kwa hiyo nafikiria niwe nashuka tu.

Cheti chako kimefika jana ndani ya bomba la karatasi ngumu. Nilinawa mikono kabla ya kukifungua. Nikavaa miwani nikakaa dirishani. Kwanza nilitafuta kilimo. Hakimo. Nikasema, haya, wameandika ile nyingine peke yake, nikawa tayari kuwalaani. Nikatafuta jiolojia. Nayo haimo! Nilikigeuza nyuma. Marit, mwaka mzima tumeumizana kwa ajili ya fani mbili, umelia ofisini kwa watu, mimi nimejificha nyuma ya lori (ndiyo, nilijificha), na kwenye karatasi yao hawakuandika hata moja. Wameandika kwamba umehitimu, na jina lako.

Jina lako lote. Na lile la katikati, Rae, alilokukatia baba yako kutoka kwenye jina lake, ambalo mimi sijawahi kukuitia tangu tumzike. Kumbe ulipojaza fomu yao ulilitia. Wameliandika kwa wino mweusi, kubwa kama mengine. Nililisoma kwa sauti. Nyumbani hakukuwa na mtu, nikalisoma tena. Halafu nikalitaja na la Raymond. Hakuna kilichoanguka.

Picha zake ziko kwenye dari, ndani ya sanduku la mbegu. Ngazi siruhusiwi kupanda, na Dwight simwombi, atang'oa dari. Kwa hiyo zinakungoja wewe, iwe vuli au Krismasi. Kuhusu mkuu wako sitasema neno. Niliwahi kumwambia mtu asiende na alikwenda tukiwa hatuzungumzi. Safari hii ukibaki, tubaki tunaandikiana.

Shuka salama, popote utakaposhukia.

Babu


17 Agosti 1987

Babu,

Nimemjibu mkuu wangu. Nitarudi kwake Januari, tukishavuna, na Aprili nakuja kupanda. Ameguna, akakubali.

Nafika Jumamosi tarehe 29, basi la saa kumi jioni. Ngazi uiache ilipo mpaka nije. Na mwambie Dwight asikaribie lango.

Marit Rae Brekke